Kifuniko Chini ya Bomba

Kho. Kho-kho. Fyuuuu. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya. Halafu: tang! Tang-tang-tang!

Hiyo ndiyo sauti ya maji kwangu. Wapo watu ukiwatajia maji wanawaza mto, wengine wanawaza mvua juu ya bati. Mimi nasikia bomba la uani kwa Bibi, Kariakoo, likikohoa hewa kama mzee mvuta kiko, kisha tone la kwanza linaangukia kifuniko cha sufuria tulichokilaza chini yake, makusudi kabisa, ili kitupigie kelele.

Wiki iliyopita nilienda Kariakoo kununua sufuria. Nina kibanda changu cha chakula huku Buguruni, wateja wameongezeka, namshukuru Mungu, na wali wa sufuria ndogo unaisha kabla mafundi wa gereji hawajamaliza kunawa mikono. Basi mwuzaji akawa ananionyesha sufuria moja nzito, mara kifuniko kikamponyoka, kikaanguka sakafuni. Tang! Nikaruka. Nikageuka huku na huku natafuta ndoo.

"Vipi dada, umepigwa shoti?" akaniuliza.

"Maji yametoka."

"Wapi?"

"Zamani," nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma, akanifungia sufuria yangu kwa kamba.

Nilipotoka pale miguu haikwenda kituoni. Ilinipeleka mtaani kwetu. Nilichokikuta nitakwambia, usiwe na haraka. Kwanza ingia nami kwenye nyumba yenyewe kama ilivyokuwa, maana kuiona sasa huwezi.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote za zamani pale: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu wenye giza la baridi na vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi unatokea uani, kwenye jua. Uani ndiko yalikokuwa maisha. Jiko, bafu, choo, kamba za nguo, na bomba. Bibi ndiye alikuwa mwenye nyumba. Mama yangu alikuwa na kazi Posta, anatoka asubuhi anarudi jioni, kwa hiyo aliyenilea mchana kutwa ni Bibi. Mdogo wake mama, Mamdogo, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi inavyotaka. Na mimi nilikuwa na miaka kumi, nipo darasa la nne, nina meno mawili yanayocheza na ndoto moja isiyocheza: kusoma taarifa ya habari redioni.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja. Tulizisubiri mpaka tukaacha kuzitaja. Hata Jangwani, ambako tumezoea kusikia watu wamehamishia magodoro juu ya mapaa, palikuwa pakavu, vumbi linatimka mpaka unafikiri mechi inachezwa hata kama hakuna mchezaji. Bomba la uani likawa linatoa maji linapojisikia. Leo asubuhi, halafu siku nne hakuna, halafu saa tisa mchana watu wamelala, linakohoa mara mbili, linatoa kwa robo saa, linanyamaza. Ukichelewa umechelewa.

Bibi akaanzisha serikali. Sina neno jingine. Ndoo ya bluu ilikuwa ya maji ya kunywa. Ndoo nyekundu ilikuwa ya maji ya kisima, kisima kile cha zamani kilichokuwa nyuma ya nyumba ya jirani, kimefunikwa bati bovu, maji yake ya chumvi na chenyewe kimepakana na vyoo vya nyumba tatu. Maji yale yalikuwa ya deki na ya choo, basi. Ndoo nyekundu haikuruhusiwa hata kupita karibu na ndoo ya bluu. Ukiziweka pamoja, Bibi alikuwa anazitenganisha kwa mguu kama watu waliokuwa wanagombana.

Na maji hayakumwagwa. Maji ya kuoshea mchele yalisuuza mchicha, ya mchicha yakaosha sufuria, ya sufuria yakapiga deki baraza, yaliyobaki yakaenda chooni. Ndoo moja ilikuwa na kazi nne kabla ya kustaafu. Mpangaji wa chumba cha mbele, fundi cherehani mwenye sauti nzuri na mwili mkubwa, ndiye aliyepata shida zaidi, kwa sababu alizoea kuoga huku akiimba. Bibi alikuwa anakaa jikoni anachambua mchele, sikio liko bafuni.

"Kata ya saba hiyo, baba!"

"Bibi, nina sabuni machoni!"

"Imba, sikukatazi. Lakini usijimwagie kila beti."

Wauza maji wa mikokoteni nao walimjua. Wakati ule kila mtu mwenye mkokoteni na madumu alisema maji yake yametoka bombani kwa mkubwa fulani, safi, matamu. Bibi hakubishana nao. Alikuwa anatoka barazani na kikombe cha bati, anafungua dumu analolitaka yeye, siyo analoonyeshwa, anachota, anamrudishia mwenyewe.

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Ungewaona! Mmoja alisema amefunga, na ilikuwa Jumatatu saa sita, karanga zimemjaa mkononi. Mwingine alisema jino linamuuma. Aliyebaki kuwa muuza maji wetu ni yule aliyekunywa kikombe, akajipangusa mdomo, akaomba cha pili. Lakini hata ya huyo Bibi aliyatumia kupikia tu, yachemke. Ya mtungi yalikuwa habari nyingine.

Sasa nikwambie mtungi. Ulikaa kwenye pembe ya ukumbi, juu ya kigoda, umefunikwa kawa, na kata ya kifuu imelala juu yake. Kata ya kuchotea haigusi mdomo, kikombe cha kunywea hakigusi mtungi. Kila Alhamisi Bibi aliuosha, akaukausha, akaufudikiza juu ya chetezo chenye ubani ili moshi uingie ndani utulie, kisha ndiyo akamimina maji mapya. Rafiki yangu, kama hujawahi kunywa maji ya mtungi uliofukizwa, sijui nikusimulieje. Ni baridi, lakini siyo baridi ya friji inayokuuma meno. Na yana harufu ya mbali, kama mtu mwenye marashi aliyepita zamani. Watu walikuwa wanatoka Magomeni wanasema wamekuja kumsalimia Bibi, kumbe wamekuja kumsalimia mtungi. Na mtungi ule haukunywa maji ya mkokoteni wala ya kisima. Ulikunywa ya bomba tu, tena baada ya kuyaacha yatoke mpaka yale ya kwanza, mekundu ya kutu, yaishe kwenye ndoo ya choo.

Kwa hiyo ilihitajika mtu wa kulisikiliza bomba. Nikateuliwa mimi. Nilikuwa na masikio makali, na Bibi alisema nina masikio makubwa vilevile, basi yafanye kazi. Kifuniko nilikibuni mimi. Nikitoka shule nakaa uani na daftari langu, kifuniko chini ya bomba, na Bibi akipita ananiuliza, "Mke mwenzangu, anasemaje huyo mgonjwa?" Mke mwenza ndiyo utani wake kwangu, maana marehemu Babu alikuwa mume wetu sote wawili.

"Hajakohoa bado, Bibi."

Mamdogo alijifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi kama kofia. Bibi akamweka ndani siku arobaini, anapewa uji wa pilipili manga, supu, chai ya tangawizi, kila kitu cha moto. Joto lile la Februari, feni inageuza hewa ya moto tu, na yeye anakunywa vya moto. Maji ya mtungi alikatazwa mpaka arobaini itimie. Nikipita na kikombe changu alikuwa anakiangalia vile paka anavyoangalia samaki wa soko la Feri.

"Siku hiyo ikifika," aliniambia, "kabla sijashika wali, kabla sijashika nyama, wewe utaniletea kikombe cha mtungi. Kimejaa. Nakiota."

Nikamwahidi. Niliona fahari mpaka nikashindwa kula.

Siku moja kabla ya arobaini, ikiwa ni Alhamisi, bomba lilikuwa halijakohoa siku sita. Mtungi ulikuwa mtupu, umeoshwa, umekauka, unasubiri. Mtaani habari zilizagaa kwamba mchana ule maji yatatoka. Bibi akavaa baibui aende sokoni kutafuta nazi na viungo. Wapangaji wote kazini. Mamdogo na mtoto wamelala. Bibi akasimama mbele yangu, kidole juu.

"Mke mwenzangu. Hapa. Usinyanyuke. Likikohoa tu, ndoo ya bluu."

Sikunyanyuka. Naapa sikunyanyuka kwenda mbali. Tatizo lilikuwa pipa. Uani tulikuwa na pipa kubwa la kuhifadhia maji, nalo siku ile lilikuwa tupu kabisa. Nikachungulia tu ndani, nikasema, "Haloo." Pipa likanijibu kwa sauti nene, nzito, sauti ya redio hasa. Ungefanyaje wewe? Nikavuta kigoda, nikapanda, nikaingiza kichwa na mabega.

"Hii ni taarifa ya habari," nikasema, na mwili ukanisisimka. "Wakazi wa Kariakoo wametakiwa kuwa wavumilivu katika kipindi hiki kigumu cha ukosefu wa maji." Nikasoma habari za ndani. Nikasoma za nje. Nikasoma michezo, nikaifungisha ile timu ambayo fundi cherehani anaishabikia. Nikasoma hali ya hewa, mikoa yote niliyoikumbuka, kisha nikarudia muhtasari, kwa sababu wasikilizaji wengine huchelewa kufungua redio.

Nilipotoa kichwa, kifuniko kilikuwa kinang'aa kwa unyevu, kimesukumwa hadi kwenye mfereji. Sakafu yote ya uani ilikuwa imelowa. Bomba lilitoa tone moja. Likafikiri. Likatoa jingine. Likanyamaza.

Maji yalitoka, yakakohoa, yakapiga tang zake zote, yakamwagika mpaka yakachoka, na mimi nipo hatua tatu nyuma yake nawataka wakazi wa Kariakoo wawe wavumilivu.

Sikulia. Machozi nayo niliyaona ni matumizi mabaya ya maji. Nilisimama nikaangalia ndoo ya bluu, tupu. Nikamfikiria Bibi anarudi na nazi zake. Nikamfikiria Mamdogo na kikombe chake. Halafu jicho langu likaenda lenyewe kwenye ndoo nyekundu.

Kisimani nilienda mara tatu, maana sikuweza kubeba ndoo iliyojaa. Nikawasha chetezo, nikaufudikiza mtungi juu yake. Bibi alikuwa anatia ubani punje tatu, nne. Mimi nikatia wa mwezi mzima. Nikaongeza udi uliowekwa kwa ajili ya wageni wa Idi. Moshi ukatoka uani ukapanda juu, mpaka jirani wa ghorofani akatokea kwenye kibaraza chake kuangalia nani anaungua. Huyu alikuwa mama wa Kihindi, mume wake ana duka la vitambaa chini ya ghorofa lile lililopakana na uani kwetu. Mimi nilimwamkia kila siku kwa kupaza sauti kuelekea mbinguni. Siku ile nikamwamkia kwa sauti ndogo sana.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na akaniangalia, akaiangalia ndoo nyekundu, akaniangalia tena. Akaingia ndani.

Bibi aliporudi akauliza kabla hajavua baibui. "Lilikohoa?"

"Lilikohoa, Bibi."

"Mtungi?"

"Umejaa, Bibi."

Akanibusu juu ya kichwa. Sikusema uongo hata neno moja, ukihesabu vizuri. Nililihesabu jambo hilo jioni yote, na kila nilipolihesabu lilikuwa zito zaidi.

Ijumaa kukacha. Mtoto akanyolewa, akalia, akafukizwa, akavalishwa nguo nyeupe. Wakina mama wakajaa ukumbini juu ya mikeka. Aliyefika mapema kuliko wote ni shangazi yake mama kutoka Magomeni, mwanamke mnene, mcheshi, amevaa gauni jipya la satini la rangi ya embe, aliloshonewa na fundi wetu wa chumba cha mbele. Fundi mwenyewe alisimama mlangoni kila mara, anajifanya ana shughuli, kumbe anaangalia gauni lake linavyokaa.

"Mimi msiniletee soda," Shangazi akatangaza. "Soda zipo Magomeni. Nimekuja kunywa mtungi."

Mamdogo akatoka chumbani. Amependeza, ana wanja, kamkumbatia mtoto. Akaketi katikati, akanitafuta kwa macho, akanikonyeza.

Na hapo, rafiki yangu, ndipo nilipomwona mwalimu wetu wa sayansi. Hakuwepo pale, alikuwa kichwani mwangu. Nilimwona kama alivyosimama ubaoni muhula ule, amechora choo upande mmoja, kisima upande mwingine, na vishale vidogo vinatoka chooni vinasafiri chini ya ardhi vinaingia kisimani. "Maji yanaweza kunukia, yanaweza kumeremeta," alisema, "na bado yakakulaza kitandani. Kwa mtu mzima ni tumbo. Kwa mama anayenyonyesha na kichanga chake ni balaa." Mimi vile vishale nilivinakili vizuri mno, nikavipaka na rangi. Nilipata vema. Sasa nikaviona vyote vinaingia kwenye kikombe cha Mamdogo.

Bibi akafunua kawa. Harufu iliyotoka pale ilikuwa kama mlango wa duka la marashi, siyo ya mtu aliyepita zamani, ni ya mtu aliyekukalia mapajani. Bibi akapiga chafya mbili. Shangazi akapiga moja.

"Mashaallah," Shangazi akasema, akipangusa macho, "leo mtungi umevaa."

"Ni mke mwenzangu huyu," Bibi akasema kwa majivuno. "Siku sita bomba halijakohoa, yeye kalikalia mpaka likasalimu amri. Njoo. Mleta maji ndiye anayeanza. Kunywa wewe kwanza."

Akanipa kikombe. Siyo cha kunipima, nielewe vizuri. Alinipa kwa heshima, mbele ya watu wote, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikatia mdomoni.

Chumvi. Chumvi ya bahari, na juu yake ubani, na juu yake udi, na katikati kitu fulani cha kutu na bati. Sikuweza kumeza kwa sababu ya vishale. Sikuweza kutema kwa sababu ya watu. Nikabaki nimevimba mashavu, machozi yananilenga.

"Mbona humezi?" Shangazi akaniuliza, akainama karibu kabisa. "Ee? Sema bismillahi umeze. Huyu mtoto ana nini? Ana meno mabovu?"

Nyuma yake nikaona Bibi amechota kikombe cha pili. Nikaona mkono wa Mamdogo umenyooka, una hina mpaka kwenye viganja. Vidole vikagusa kikombe.

Nilitaka kusema neno moja tu. Lakini kusema na maji mdomoni haiwezekani, wewe mwenyewe jaribu. Yalitoka yote kwa mkupuo, pfuuu, juu ya gauni la satini la rangi ya embe, kuanzia kifuani kwenda chini.

"Msinywe!" nikapiga kelele. "Mamdogo usinywe! Ni ya ndoo nyekundu! Ya kisima! Bomba lilikohoa mimi nikiwa ndani ya pipa nasoma taarifa ya habari!"

Kisha sauti ya fundi cherehani kutoka mlangoni, taratibu, kama mtu anayetoa rambirambi:

"Na kitambaa kile kinachuja rangi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Mamdogo, alicheka mpaka akampa mtu mtoto amshikie. Shangazi alijiangalia, akaniangalia, akasema, "Nimekuja kunywa mtungi, mtungi umeninywa mimi," na hapo ukumbi mzima ukaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia Bibi. Bibi alikiweka kikombe chini. Alikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Wageni thelathini ndani ya nyumba yake, joto hilo, na mtungi wake una maji ya kisima.

"Hodi huko chini!"

Tukatoka uani sote. Juu kwenye kibaraza, mama wa ghorofani amesimama na sari yake ya nyumbani, anateremsha ndoo kwa kamba. Ndoo ya chuma inayong'aa, mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne.

"Bibi, shikamoo! Pokeeni taratibu! Ni ya tangi letu, nimeyachemsha jana, nikayachuja, yamepoa. Nyingine inakuja!"

"Nani kakwambia?" Bibi akauliza.

"Hakuna. Jana nilisikia bomba linamwagika, nikamwita mtoto, namwita, yeye yuko kwenye pipa anasoma hali ya hewa. Mpaka Kigoma! Halafu nikaona ndoo nyekundu." Akacheka. "Nikasema nisimseme. Atasema mwenyewe. Lakini maji nichemshe. Sasa nimesikia kelele zake."

Bibi akaipokea ndoo. Akafungua kile kitambaa, akachungulia, akainua uso. Na kwa mazoea tu, maana midomo yake ilikuwa imeshazoea wenye mikokoteni, akasema:

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Wakina mama wakaanza kumfinya Bibi. Kule juu mama wa ghorofani akatazama chini kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na bilauri ya chuma, akachota maji kwenye sufuria yake, akayanywa yote mbele yetu, kichwa nyuma, bila bilauri kugusa midomo, kama wanavyokunywa wao. Akaifudikiza hewani kutuonyesha. Wakina mama walipiga vigelegele utafikiri ameolewa.

Mamdogo alikinywa kikombe chake. Nilimpelekea mimi. Hakikuwa na ubani, hakikuwa cha mtungi, lakini alifumba macho, akakimaliza, akasema "Ah," na ile "Ah" ninayo mpaka leo.

Adhabu nilipata, usidhani niliponea hapo. Maji ya mtungi hayakumwagwa, Bibi hakukubali, nikapigia deki nyumba nzima na yaliyobaki yakaenda chooni, na kwa wiki nzima choo chetu kilinukia kama chumba cha bi harusi. Mtungi niliusugua kwa kumbi la nazi na majivu, nikausuuza kwa maji ya moto, nikauanika juani siku mbili. Kisha Bibi akaniambia nilete daftari la sayansi nimsomee kile alichosema mwalimu. Nikamsomea. Akaangalia vishale vyangu muda mrefu.

"Umechora vizuri," akasema. "Basi tutachemsha kwanza, kisha tutafukiza. Mwalimu wako aue wadudu, mimi niwazike kwa heshima."

Tangu siku hiyo ikawa hivyo, hata maji ya bomba. Kazi yangu ya kulisikiliza bomba sikunyang'anywa. Ila nilipoenda uani kesho yake, nilikuta pipa limefudikizwa, na juu ya kitako chake Bibi ameweka jiwe.

Basi nilichokikuta wiki iliyopita ni hiki. Pale palipokuwa nyumba pana ghorofa, chini yote ni maduka ya madera na vifuniko vya simu. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Warithi waliuza, kila mmoja akashika njia yake. Mtungi ulipasuka kwenye kuhama, nami sikuokota hata kigae, jambo ninalolijutia. Mama wa ghorofani na watu wake walihama, sijui wako wapi. Yule mtoto mwenye nywele kama kofia sasa ananizidi urefu, anakunywa maji ya chupa, nikimsimulia anadhani natunga. Mimi mwenyewe redioni sijafika. Bado. Ila nikitangaza mboga za siku pale kibandani, mafundi wa gereji wanazima mashine wasikilize.

Nilizunguka nyuma ya ghorofa, kwenye uchochoro wa mabomba na maboksi. Hapo, nadhani ndipo lilipokuwa bafu la fundi kuimbia, pana bomba dogo la wafagiaji. Mtu alilifunga vibaya. Linadondoka, tone moja moja, linapotea kwenye saruji, na watu wanapita na mizigo yao kichwani, hakuna anayelisikia.

Nikaweka mzigo wangu chini. Nikafungua kamba ya sufuria yangu mpya, nikatoa kifuniko, nikachuchumaa nikakilaza chini ya bomba.

Tang. Tang.

Nikasikiliza mpaka nikatosheka. Kisha nikalikaza bomba kwa mikono miwili, nikasubiri nione kama litadondoka tena, nikafuta kifuniko kwa ncha ya khanga.